"Kanga ilimponza": uchambuzi wa ajali ya shafti ya PTO kwenye mashine ya kupiga mahindi

Kisa hiki kimetokea kweli, msimu wa mavuno, ukanda wa mahindi kule Manyara inakokaribiana na Dodoma. Majina, kijiji na mwaka nimetoa, na vitu vidogo vya kumfanya mtu atambulike nimevigeuza. Mimi ni fundi wa matrekta na zana zake, niliitwa na mwenye mashine baada ya ajali ili "niangalie kama mashine ina shida", nikaongea na dereva, na tingo (msaidizi wa mashine), na mama mwenyewe aliyeumia akiwa keshatoka hospitali, na watu waliokuwepo pale turubaini. Naandika kwa ajili ya wenye mashine, madereva na maafisa kilimo wa kata, maana kijijini kesi ilishafungwa kwa maneno mawili tu, "kanga ilimponza", na mimi naona hayo maneno ndo yanatuandalia ajali nyingine.

Kazi yenyewe na waliokuwepo

Kwa asiyeijua kazi hii, mahindi yakishavunwa yanakusanywa rundo, shambani au nyumbani, alafu inaitwa mashine ya kupukuchua, wenyewe tunasema kupiga mahindi. Hii ninayoizungumzia ni ya kuvutwa, ina magurudumu mawili na mkono wa kuvutia, nguvu inachukua kwenye PTO ya trekta, ile ncha yenye meno nyuma ya trekta inayozungushwa na injini, kwa shafti, yaani bomba la chuma linalozunguka kati ya trekta na mashine. Unamwaga mahindi juu, ndani kuna ngoma na chekecheo, punje zinatoka upande mmoja, magunzi upande mwingine, feni inapuliza makapi. Bei ni kwa gunia. Mwezi wa saba na wa nane mashine hailali, malori yanayopeleka soko la mahindi la Kibaigwa yanasubiri mzigo na kila mwenye rundo anataka apigiwe yeye kwanza.

Mashine ilikuwa ya mzee mmoja anayefanya biashara ya mazao. Trekta halikuwa lake, lilikuwa la jirani yake, Massey Ferguson 290 la siku nyingi, wanagawana mapato. Dereva wa mwenye trekta, tingo wa mwenye mashine. Hili la wenye mali wawili ulishike, maana kila nilichouliza nilijibiwa kwamba kinamhusu yule mwingine. Dereva na tingo wote wanalipwa kwa gunia, siku mashine ikisimama hawana kitu.

Alafu kuna kundi la tatu ambalo halimo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Ni akina mama wanaokuja na ungo na fagio fupi, wanafagia punje zilizoruka, wanapepeta, wanapanga magunia, na ujira wao ni debe la punje chafu zilizochanganyika na makapi. Hawajaajiriwa na mwenye mashine wala na mwenye mahindi. Wamekuja tu, kila mtu anawajua, na bila wao kazi haiendi.

Siku ilivyoenda

Asubuhi walipofika, upepo ulikuwa unavuma kutoka kusini mashariki kama kawaida ya miezi ile. Mwenye mahindi akaomba makapi yasipulizwe kwenye nyumba yake, ombi la haki kabisa, wakageuza trekta na mashine. Kwa kugeuza hivyo mdomo wa punje ukawa upande wa kulia, na rundo la mahindi ambayo hayajapigwa pamoja na magunia matupu yakabaki kushoto. Sasa mtu anayetoka kushoto kwenda kulia ana njia tatu: azunguke mbele ya trekta, ambako ni mbali na pamejaa mahindi, apite nyuma kwenye wingu la vumbi na makapi, au akatishe katikati, kale kauchochoro kalikopo kati ya matairi ya nyuma ya trekta na mashine, ambako mkono wa kuvutia unapita chini na shafti inazunguka juu yake. Kufika saa tatu asubuhi kauchochoro hako kalishakuwa njia. Isitoshe kalikuwa na kivuli, na mashine ilikuwa inavujisha punje pale chini kwa sababu bati la pembeni lilishachoka, kwa hiyo punje safi, zisizo na makapi, zilikuwa zinajikusanya chini ya shafti kabisa.

Tingo aliwafukuza watoto pale mara kadhaa. Akina mama hakuwafukuza. Nilimuuliza kwanini akasema, "Fundi, wale ni wakubwa, namfukuzaje mama yangu?"

Saa kumi jioni hivi walifika kwenye rundo la chini ambalo lilikuwa na unyevu, mashine ikakabwa. Dereva akapunguza resi, yaani mwendo wa injini, akashuka, akaenda nyuma ya mashine na kijiti kuzibua chekecheo. PTO hakuitoa. Injini hakuizima. Yaani kiukweli dakika ile aliyekuwa karibu na balaa zaidi ya wote ni dereva mwenyewe, maana alikuwa anachokoa kwenye ngoma inayozunguka, ila yeye akapona.

Kelele ziliposhuka watu walichukulia kwamba mashine imesimama. Mama mmoja wa makamo akaingia kwenye kauchochoro, akainama kufagia punje za chini ya shafti. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na nyingine amejitupia begani kuzuia vumbi. Ile ya begani ikateleza, ncha ikagusa shafti. Yeye mwenyewe anasema hakusikia kuvutwa kwanza, alisikia kanga imekuwa nzito, akaikamata kwa mkono wa kulia arudishe begani. Mkono ukaenda nayo.

Alipiga kelele moja tu. Tingo alikuwa juu ya rundo, akaruka, akafika kwenye trekta, akavuta lever ya kwanza aliyoiona, ambayo ni ya haidroliki. Haikusaidia kitu. Akashika resi akazidi kuipunguza, injini ikabaki ikiunguruma taratibu na shafti inazunguka. Aliyezima ni kijana wa mteja, hakuwa hata mfanyakazi wa pale, alikuwa anashona magunia. Mjomba wake ana trekta kama lile na aliwahi kumfundisha pa kuvuta, kale kawaya ka kuzimia mafuta tunakoita stopa. Akapanda, akavuta, injini ikafa. Kwa wakati huo kanga ilishachanika, ilikuwa ya siku nyingi imechoka, na hicho ndo kilichomwachia mama roho yake.

Baada ya trekta kuzimika

Hapa kuna vitu vilivyofanyika vizuri na ningependa visemwe, maana huwa tunaandika makosa tu.

Watu wawili walitaka kuirudisha shafti nyuma kwa mikono ili wafungue kanga. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa akingoja zamu yake akawakataza, akachomoa kisu, akaikata kanga kipande kwa kipande mpaka mkono ukaachia wenyewe. Alikuwa sahihi kabisa. Mfupa ukishavunjika, kuizungusha shafti upande wowote ni kuusaga zaidi, na kama kuna mtu juu ya trekta anahangaika na gia unaweza ukajikuta umeiwasha tena.

Wakabana jeraha kwa kitambaa safi, wakakandamiza, wakaubebesha mkono kwa kipande cha kanga shingoni. Kuna aliyekimbia kuleta unga na mafuta ya taa, wakamrudisha. Mwenyekiti wa kitongoji akapiga simu polisi, na hapo akafanya uamuzi mzuri sana: badala ya kwenda kwanza kituoni kufuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kama wengi wetu tunavyofanya, akamtuma mtu mmoja na bodaboda akaichukue fomu, mgonjwa akapandishwa gari ya mwenye mahindi moja kwa moja hospitali ya wilaya. Fomu ikawakuta huko huko, matibabu yalishaanza.

Matokeo

Mifupa yote miwili ya mkono chini ya kiwiko ilivunjika, ngozi ilichunika kuanzia kifundo kwenda juu, na vidole viwili vilikatwa baadaye hospitali ya rufaa. Leo mkono upo ila haugeuki vizuri, jembe hashiki. Mwenye mashine alilipa gharama za hospitali zote na akatoa magunia kadhaa ya mahindi, mwenye trekta alichangia nauli. Yote hayo yalipangwa ofisi ya kijiji, kwa hiari. Kuna aliyeuliza habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ila mfuko ule unashughulika na mfanyakazi mwenye mwajiri, na huyu mama kila aliyeulizwa alisema "sio wa kwangu".

Mashine ilirudi kazini kesho yake asubuhi. Shafti ile ile. Kijiji kikaweka sheria moja: mwanamke asisogelee mashine akiwa na kanga.

Nilichokikuta nilipoinama chini ya mashine

Nianze na shafti. Shafti ya PTO inatakiwa iwe ndani ya kava la plastiki, mabomba mawili yanayoingiliana, lenye mnyororo mdogo kila upande wa kulifunga lisizunguke, ili shafti izunguke ndani na kava libaki limetulia. Hii haikuwa na kava hata kipande. Kwenye shingo ya upande wa trekta, pale panapoingia kwenye meno ya PTO, kuna pini yake ya kubonyeza inayoifunga isichomoke. Pini hiyo haikuwepo, badala yake kulikuwa na bolti ndefu imepigwa nati, na kichwa pamoja na nati na uzi uliobaki vilikuwa vimechomoza karibu urefu wa kidole gumba kila upande. Kwenye uzi wa hiyo bolti nilikuta nyuzi nyekundu za kanga bado zimejisokota, pamoja na nyuzi nyingine za bluu zilizokauka na grisi, ambazo hazikuwa za yule mama. Nilimwonyesha dereva. Akanyamaza kidogo akasema ni za ovaroli lake, msimu uliopita, lilichanika mfukoni tu.

Juu ya PTO yenyewe kwenye trekta kunatakiwa kuwe na bati la kukinga. Halikuwepo, matundu ya bolti zake yalishajaa kutu.

Nikakaa kwenye kiti, nikawasha. Nimesema nikawasha ila kiukweli tulisukuma, watu sita, maana betri haikuwa na kitu, terminali zimefungwa kwa waya. Nikakanyaga klachi mpaka chini. Kwa trekta lenye klachi ya hatua mbili kama lile, ukikanyaga nusu trekta linasimama, ukikanyaga mpaka mwisho PTO nayo inasimama. Hii PTO ilipunguza mwendo tu, ikaendelea kuzunguka, na kuitoa kwenye gia ilikuwa inasaga meno mpaka unaona huruma.

Maamuzi, na kwanini kila mmoja aliyaona ya maana

Huwa tunapenda kusema uzembe. Mimi nikimsikiliza mtu mmoja mmoja sioni mzembe pale, naona watu waliopiga hesabu ndogo ndogo, kila hesabu inalipa kivyake, alafu zikajumlishwa.

Kava lilitolewa misimu miwili nyuma. Bushi zake zilikuwa hazipigwi grisi, zikala, likaanza kuzunguka pamoja na shafti na kupiga kelele, mnyororo ukakatika, plastiki ikapasuka. Wakaenda mjini kutafuta kava peke yake, hawakupata, waliambiwa wanunue shafti nzima. Shafti nzima wakati ya kwako bado inafanya kazi? Mzee akaona hapana. Na dereva alifurahi maana bila kava anaifikia krosi, kile kiungo kinachopinda mwishoni mwa shafti, kupiga grisi haraka.

Bolti iliwekwa baada ya pini kushika kutu na shafti kuchomoka siku moja kazini, jambo ambalo lenyewe ni hatari, shafti iliyochomoka inapiga kama rungu. Kwa hiyo bolti iliwekwa kwa ajili ya usalama! Aliyeifunga aliona ameponya watu, na kwa upande mmoja ni kweli.

Bati la kwenye trekta lilitolewa na mwenye trekta ili iwe rahisi kufunga pampu ya maji kiangazi. Halikurudi.

Sasa betri. Dereva aliniambia hivi, nanukuu karibu neno kwa neno: "Nikizima hapa na mashine iko nyuma, tunasukumaje? Tuifungue mashine, tusukume, tuifunge tena, nusu saa imeenda, magunia mangapi hayo?" Ukichanganya na klachi isiyokata, huyu dereva alikuwa na njia moja tu ya kusimamisha shafti, kuzima injini, na njia hiyo ilikuwa inamla pesa yake mwenyewe. Akajifunza kuishi bila kuisimamisha. Kupunguza resi ndo ikawa "kusimamisha" kwa pale, na akina mama nao wakajifunza hivyo hivyo, kelele zikishuka unaweza kuingia.

Mimi nikiulizwa ajali hii imeletwa na nini naanza na betri na klachi. Kanga naiweka mbali sana huko mwishoni.

Uchambuzi: resi ndogo ina kasi gani?

Hapa ndo watu hubisha, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. PTO ya kawaida ya matrekta yetu ni ya mizunguko 540 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 9 kila sekunde. Mizunguko hiyo unaipata injini ikiwa kwenye resi ya kazi, matrekta mengi ni kati ya mizunguko 1,700 na 2,000 ya injini kwa dakika. Ukishusha mpaka resi ya kukaa, ile ya chini kabisa kabla injini haijazima, tuseme 750, PTO haijasimama, inazunguka kama mara 3 mpaka 4 kwa sekunde. Bomba la shafti likiwa na kipenyo cha sentimita 7 hivi, kila mzunguko linameza kama sentimita 22 za nguo. Kwa resi ya kukaa ni kati ya sentimita 60 na 90 kwa sekunde. Kwa resi ya kazi ni karibu mita 2 kwa sekunde.

Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Kwa resi ya kazi inaisha yote chini ya sekunde moja, na binadamu anahitaji karibu nusu sekunde au zaidi hata kuanza kushtuka. Kwa resi ndogo yule mama alipata kama sekunde mbili, na hizo sekunde alizitumia kufanya anachofanya kila mtu, kushika nguo yake airudishe. Nguo inajisokota kwenye shafti kama uzi kwenye bobini la cherehani, na mkono ukishaushikisha nguo umeuunga na shafti. Hapo nimehesabu bomba tupu, ile bolti inaongeza upana, alafu ndiyo inayokamata. Bomba lililosuguliwa likang'aa linaweza kuteleza kwenye nguo, bolti haitelezi.

Kuna na hili: shafti nyembamba inayozunguka bila kuyumba, kwenye kivuli, injini iko chini, inaonekana kama imetulia. Bolti huioni kabisa.

Sheria ya kanga ilivyofeli

Ilidumu siku chache. Akina mama walikuja bila kanga siku mbili, vumbi likawaingia kichwani na kifuani, siku ya tatu kanga zimerudi. Unamlaumu nani? Alafu tingo alikuwa anavaa sweta lililochanika mikono, dereva koti lisilofungwa, mteja mmoja kajifunga shuka, na hakuna aliyewaambia kitu. Nyuzi za bluu za ovaroli kwenye bolti zilikuwa ushahidi tosha kwamba shafti haichagui nguo ya mwanamke.

Simaanishi nguo sio jambo. Nguo za kubana mwili, nywele zimefungwa, hakuna kamba zinazoning'inia, hayo ni sahihi na dereva ayafuate. Ila ukiweka usalama wote kwenye nguo za watu usiowalipa, ambao huwezi hata kuwapa ovaroli, umejidanganya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwangalia kwanza mwenye sehemu ya kazi na mashine yake, na mimi hata bila sheria naona ni haki, yeye ndo anaweza kununua kava.

Tulichobadilisha, na kipi kilishika

Mwenye mashine alikuwa msikivu kuliko nilivyotegemea, nadhani aliogopa. Tulianza na klachi kwa sababu haikuhitaji kununua kitu, tulifungua kifuniko kidogo chini ya nyumba ya klachi tukarekebisha nati zake, tukaweka sawa na urefu wa pedeli. PTO ikaanza kukata na kuingia bila kusaga. Kazi ambayo haikumaliza hata asubuhi, na ilikuwa imesubiri miaka.

Betri ilinunuliwa kwa mabishano, maana trekta ni la mwingine. Mwishowe walikubaliana ikatwe kwenye mgao. Bei yake haifiki mapato ya siku mbili nzuri za msimu, niliwapigia hesabu hiyo mbele yao wote wawili.

Shafti mpya yenye kava lake ilipatikana mkoani. Ilikuja ndefu, na hapa naomba mafundi wenzangu mnisikilize, maana ndo makava mengi yanapofia. Shafti ndefu ikibana mwisho wakati trekta linapokata kona inaweza kuvunja bearing ya PTO au mashine yenyewe, kwa hiyo lazima ikatwe. Ukikata, kata mabomba yote mawili ya chuma, na plastiki zake zote mbili kwa kipimo kile kile, alafu safisha kingo kwa tupa. Fundi mvivu anakata chuma peke yake, plastiki inakuwa ndefu inasukumana, inapasuka wiki ya kwanza, wanaitoa wanaitupa, tumerudi kule kule. Mabomba yanapoingiliana yabakize angalau theluthi moja ya urefu yakiwa yameshikana hata trekta likiwa limenyooka. Minyororo funga sehemu isiyozunguka, mmoja kwenye trekta mmoja kwenye mashine, ilegee kidogo. Grisi kwenye bushi za kava kila siku ya kazi, sio kwenye krosi tu. Kujua kama kava linafanya kazi zima injini, fungua minyororo, shika kava kwa mkono uzungushe, likigoma ujue limeshika shafti na siku yoyote litazunguka nayo.

Bati la pembeni lilipigwa kiraka punje zisivuje tena. Naliona kama kitu kidogo lakini kilifanya kazi kubwa kuliko makaripio yote, hakuna punje chini ya shafti, hakuna wa kuingia kufagia. Kauchochoro kakafungwa kwa kamba ya katani kutoka kwenye tairi mpaka kwenye mashine, pande zote mbili. Na kabla ya kuanza wanaangalia upepo alafu wanapanga rundo na mdomo wa punje viwe upande mmoja, hata kama ni kumwambia mwenye mahindi ahamishe rundo lake jana yake.

Tingo alifundishwa kuzima. Sio yeye tu, kila kituo kipya dereva anawaita watu wawili watatu wa pale, anawaonyesha stopa ilipo na anawaachia wavute wenyewe injini ife. Kwa kuwa betri ipo, kuwasha tena sio kesi. Hii ilinifurahisha maana walibuni wenyewe, mimi sikuwaambia.

Malipo ndo palipokuwa pagumu. Nilishauri dereva na tingo walipwe kwa siku, mteja aendelee kutozwa kwa gunia. Mwenye mashine alikubali kwa tingo, akampangia posho ya siku na kidogo juu. Mwenye trekta alikataa kwa dereva wake, anasema akimlipa kwa siku atalala. Kwa hiyo dereva bado anakimbizana na magunia, na nimepita msimu uliofuata nikamkuta amesimama juu ya mkono wa kuvutia akichungulia ndani ya mashine huku PTO inazunguka. Kava lilikuwepo, kamba ilikuwepo. Akaniona, akashuka, akakanyaga klachi, akaitoa PTO, alafu akapanda tena kuchungulia.

Akina mama nao wanapewa ujira wa kueleweka sasa, debe moja la punje safi badala ya machafu, na jina la kila mmoja linaandikwa kwenye daftari la mwenye mashine asubuhi. Aliyewatetea hapo ni yule mama mwenyewe, ndiye anayeandika hilo daftari, kwa mkono wa kushoto.

Bati la juu ya PTO upande wa trekta mpaka naandika bado halijarudi. Mwenye trekta anasema atalichongesha msimu ukikaribia, mwenye mashine amemwambia bila hilo bati shafti yake haifungwi pale, atafute trekta lingine. Wenye matrekta wanaokubali sharti hilo wilayani nawajua wawili.